Wayahudi wa Mbale na Haki ya Kuabudu

Mada iliyotolewa kwa waamini na viongozi wa walei, Madimba



Tusikiapo neno "Wayahudi" twawaza Yerusalemu au Ulaya. Kumbe wapo pia karibu nasi, kandokando ya mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda. Huitwa Abayudaya. Mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza, kisha akafarakana nao. Aliisoma Biblia, akashikamana na Agano la Kale, na mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe. Alifariki mwaka 1928, lakini wafuasi wake waliendelea kuishika Sabato kila Jumamosi.

Mwaka 1971 Idi Amin alitwaa madaraka, na utawala wake ukaipiga marufuku dini ya Kiyahudi. Masinagogi yakafungwa. Wengi waliingia Uislamu au Ukristo kwa hofu. Wengine walisali kwa siri. Amin alipong'olewa mwaka 1979, katika vita ambavyo vijana wa Tanzania walimwaga damu yao, Abayudaya waliobaki walikadiriwa kuwa 300 hivi. Wakaanza upya. Mwaka 2008 mwenzao, Gershom Sizomu, aliwekwa kuwa rabi, na mwaka 2016 akachaguliwa kuwa mbunge.

Hapa tujihoji. Aliyekimbilia ubatizo kwa kuiogopa serikali, je, tumhesabu kuwa mavuno ya Injili? Hasha. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la mwaka 1965 juu ya uhuru wa dini, ulifundisha kwamba mtu asishurutishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake. Kanisa likijazwa na hofu, limepokea kisicho chake.

Nasi hapa pwani, Wakristo tu wachache kati ya ndugu zetu Waislamu. Tangu mwaka 2017 mapigano ya Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, yameleta hofu. Mwaka 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu, kilishambuliwa. Ni rahisi kumtazama kwa shaka kila jirani aendaye msikitini. Tusifanye hivyo. Haki tunayoidai tulipo wachache, tuwape wengine popote tulipo wengi.

Maswali kwa jumuiya ndogondogo:
1. Ni nani miongoni mwetu anayeogopa kusali waziwazi?
2. Jirani wa dini nyingine akisingiziwa, tutasimama wapi?