Mtoto na Jiko

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu huliona dogo, nalo ni kuwafundisha watoto kupika vitafunio.

Katika nyumba nyingi za mjini amri ni moja tu: "Toka jikoni, utaungua!" Amri hiyo ina sababu. Mafuta ya moto ni hatari, na majiko yetu, yawe ya mkaa, ya mafuta ya taa au ya gesi, mara nyingi hukaa sakafuni, usawa wa mtoto. Lakini amri peke yake haifundishi kitu. Siku mama yuko kazini na baba yuko safarini, njaa ikimbana, mtoto huyo huyo atawasha jiko kwa siri. Hapo ndipo maafa hutokea.

Kwa maoni yangu, dawa ni kumfundisha mapema, tena kwa utaratibu. Chukueni mfano wa kachori. Mzazi huchemsha viazi na kuvimenya. Vikipoa, mtoto wa miaka mitano, akiisha kunawa mikono kwa sabuni, anaweza kuviponda kwa mwiko, kukamua ndimu, kutia chumvi, kisha kuviringa madonge. Kuchovya katika rojo la unga wa dengu na kukaanga ni kazi ya mzazi. Vivyo hivyo kwa maandazi: mtoto apime unga na sukari, akande, akate, karai aliache. Na kashata je? Hiyo ingoje. Sukari iliyoyeyuka huwa na moto kupita maji yanayochemka, nayo hunata kwenye ngozi. Akifika miaka kumi au zaidi, ndipo asogee motoni, mkubwa akiwa kando yake.

Pamoja na mapishi, afundishwe na kanuni. Mpini wa kikaango usielekee njiani. Mafuta yakishika moto, yafunikwe kwa mfuniko, yasimwagiwe maji. Mafuta ya taa yasiwekwe katika chupa ya soda. Akiungua, apoze kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, wala asipakwe dawa ya meno au unga. Hata watu wazima wapo wasiozijua kanuni hizi.

Lipo jambo la pili. Tukitaka kufundisha upishi, tunamwita nani? Binti. Mvulana hutumwa dukani kununua hamira, kisha hurudi kwenye mpira, akingoja kuitwa kula. Ajabu ni kwamba hapa mjini wakaanga chipsi na wachoma mishikaki wengi ni wanaume. Kumbe kazi ikileta fedha, aibu ya jiko hutoweka! Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka vijana waandaliwe kwa maisha watakayoishi. Sijaona mahali alipoandika kwamba kujitegemea ni kwa wasichana peke yao.

Wako watakaosema unga ni ghali na mtoto atauharibu. Ni kweli, kachori za kwanza zitakuwa kombo, lakini zitalika. Hasara kubwa ni kijana wa miaka 20 anayelala na njaa huku viazi vimo ndani.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Basi Jumamosi hii, wazazi wenzangu, waiteni watoto wenu jikoni, wa kike na wa kiume, mwanze na viazi vilivyopoa.