Sheria Iingoje Mashua Barabarani

Ukiwa Asumbi, Ziwa Viktoria hulioni kwa macho, lakini mali yake inakupitia mlangoni. Magari yanayotoka Homa Bay kuelekea Kisii na Rongo hubeba omena kwa magunia, mbuta kwenye barafu, nyavu, injini za boti, na mara nyingine mashua nzima juu ya lori. Pamoja na mali hiyo husafiri abiria asiyeulizwa na mtu: kipande cha gugu kilichonasa kwenye wavu, konokono aliyeng'ang'ania ubao, mayai yanayoelea katika maji yaliyobaki ndani ya mashua. Leo naziomba kaunti zetu mbili, Homa Bay na Migori, zitunge sheria ya kumshusha abiria huyo kabla hajafika maji mengine.

Hasara yake tunaijua. Gugumaji asili yake ni Amerika Kusini, na watu ndio waliolitembeza duniani kwa kupenda ua lake la zambarau. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana Ziwa Viktoria, na mto Kagera ukaendelea kulishusha humo. Kufikia 1998 lilikuwa limefunika takriban hekta 17,000 za Ghuba ya Winam peke yake. Boti zilikwama. Wavuvi walilala njaa huku samaki wako chini ya zulia la majani wasiloweza kulipenya, na konokono wanaoeneza kichocho wakapata makao katika mizizi yake.

Mwaka 1997 taasisi ya utafiti wa kilimo, KARI, ilianza kuachilia fukusi wanaokula mmea huo. Fukusi wakafanya kazi yao, mawimbi na mvua za El Niño zikasaidia, na gugu likapungua sana. Lakini halikuisha. Mbegu zake hukaa kwenye tope kwa miaka mingi, na kila hali inaporuhusu, linarudi. Mdharau mwiba mguu huota tende, na sisi tende tunayo.

Sasa kuna anayeniuliza: ziwa limeshajaa gugu, kuosha mashua kunatufaa nini? Kunatufaa kwa sababu si maji yote yamekwisha kuharibika. Tazama Ziwa Kanyaboli, kule Siaya. Ni ziwa dogo lililotengwa na ziwa kuu kwa kinamasi cha Yala. Humo bado anaishi ngege wa asili, samaki aliyekuwa fahari ya meza zetu kabla uvuvi wa kupita kiasi, mbuta na sato wa kuletwa havijamfuta karibu kabisa katika ziwa kuu. Kilichomhifadhi ngege ni utengano huo. Tazama na mabwawa ya samaki na silanga za mifugo huku kwetu bara. Wavu mmoja uliotoka ufuoni ukiwa mbichi unatosha kuliletea bwawa la jirani taabu ya miaka.

Je, hatuna sheria? Tunayo, ila imeishia njiani. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999, kifungu cha 42, inakataza mtu kuingiza mnyama au sehemu yoyote ya mmea katika mto, ziwa au ardhi oevu bila idhini. Ni katazo zuri. Lakini halimwambii mwenye mashua afanye nini anapotoka majini, wala halimwambii ofisa akague nini. Meli kubwa zinazovuka bahari, zikiwemo zinazotia nanga Mombasa, zina mkataba wa kimataifa juu ya maji ya kusawazisha chombo, unaotumika tangu 2017, na Kenya ni mwanachama. Mashua inayobebwa kwa lori kutoka fuo za Sori au Muhuru Bay nayo inastahili kanuni yake.

Wenzetu wa Marekani walijifunza kwa uchungu. Mwaka 1988 kome wadogo wenye milia waligunduliwa katika Ziwa St. Clair, mpakani na Kanada. Walikuwa wameletwa na maji ya meli kutoka ng'ambo, na baadaye wakaziba mabomba ya maji na ya mitambo ya umeme. Vichanga vyao havionekani kwa macho, hivyo tone la maji chini ya mashua ni hatari tosha. Leo jimbo la Minnesota linamtaka mwenye boti, kabla ya kuondoka ziwani, aondoe kila jani, afungue kizibo, amwage maji, na asafiri kizibo kikiwa wazi. Montana na Idaho zina vituo barabarani ambako kila anayebeba boti lazima asimame akaguliwe.

Hapa kwetu hatuhitaji mitambo ya gharama. Katiba ya 2010 imezipa kaunti mamlaka juu ya uvuvi na udhibiti wa magonjwa ya mimea na wanyama. Vikundi vya usimamizi wa fuo, yaani BMU, viko kwenye fuo zetu na vinajua kila mashua na mwenyewe. Sheria iseme mambo matatu: chombo au wavu hauondoki ufuoni kwenda maji mengine kabla haujasafishwa, haujamwagwa maji na haujakaushwa juani, BMU itoe cheti cha ukaguzi, na polisi wa barabarani wawe na haki ya kukiomba cheti hicho. Kaunti nayo iweke mahali pa kuoshea, mbali na maji ili uchafu usirudi ziwani. Adhabu ianze kwa onyo, kwa maana mvuvi maskini hapaswi kubeba peke yake mzigo wa kulinda ziwa la wote.

Upepo hausikii sheria, na gugu litaendelea kusukumwa nao kutoka ghuba hadi ghuba. Barabara, hata hivyo, iko mikononi mwetu. Wewe wa Asumbi, wa Rangwe, wa Rongo, mfikie mwakilishi wa wadi yako kabla ya bajeti ijayo, umuulize ataupeleka lini mswada huu bungeni, naye akujibu kwa tarehe.