Chunjua: Tusiwachome Watoto

Mazungumzo na wanachama wa vikundi vya kujisaidia, Kitui na Makueni

 

Mwenyekiti aliposema leo tutazungumza juu ya chunjua, nilisikia watu wakicheka kule nyuma. Ni kweli, chunjua si malaria. Hakiui mtu. Lakini mimi katika kazi yangu nimeona watoto walioumizwa na dawa ya chunjua kuliko chunjua chenyewe, na ndiyo sababu nimekubali kusimama hapa.

Chunjua mnakijua. Ni kiuvimbe kigumu juu ya ngozi, ukikigusa kinakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Hupenda vidole, kando ya kucha, magoti, na nyayo. Ukitazama vizuri, mara nyingi utaona vitone vyeusi ndani. Watu husema hiyo ndiyo mizizi, ati ukiing'oa umemaliza kazi. Hapana. Ni mishipa midogo sana ya damu iliyoziba. Chunjua hakina mizizi, kinakaa kwenye ngozi ya juu tu. Kwa hivyo mama anayechimba kwa sindano kutafuta mzizi anachimba bure, tena anaumiza.

Kinatoka wapi? Si kwa chura, na si kwa jirani mwenye kijicho. Kinaletwa na virusi ambavyo hospitalini huitwa HPV. Aina zake ni zaidi ya 100, na zile za mikononi ni chache tu kati ya hizo. Virusi huingia palipokwaruzika. Fikirieni siku ya mwethya: mawe, changarawe, mpini wa jembe, mikono yote ina michubuko. Watoto nao wanatafuna kucha, na wanacheza miguu mitupu. Tena tangu virusi viingie hadi chunjua kionekane hupita wiki nyingi, hata miezi. Kwa hivyo usiniambie unajua ni nani aliyekuambukiza. Hujui.

Hapo niseme jambo moja. Kuna msichana ambaye wakati wa kupeana amani kanisani huficha mkono ndani ya leso, kwa sababu wenzake walikataa kuushika. Kusalimiana mara moja na mtu mwenye chunjua, ngozi yako ikiwa nzima, hatari yake ni ndogo sana. Mpeni mtoto mkono.

Sasa matibabu. Dawa ya kwanza, na haina gharama, ni subira. Kati ya watoto kumi wenye vyunjua, sita au saba hupona wenyewe katika muda wa miaka miwili, maana mwili hujifunza kuvifukuza. Watu wazima huchukua muda zaidi. Hapa ndipo waganga hupata jina. Unapeleka mbuzi, unapewa unga wa kupaka, miezi inapita, chunjua kinaanguka. Nani amekiponya? Wewe unasema mganga, na mbuzi haurudi nyumbani!

Afadhali huyo wa unga. Wengine wanatumia utomvu wa mnyaa, ule wa ua tunaouita ndau kwa Kikamba. Utomvu huo huchoma ngozi, na ukiingia jichoni unaweza kupofusha. Mtoto amepakwa kidoleni, kisha anajifuta macho. Ikitokea hivyo, mwoshe jicho mara moja kwa maji mengi safi, hata kama mtungi ni wa mwisho, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Wengine hutumia maji ya betri. Wengine hukata kwa wembe, na wembe huo huo unazunguka nyumba nzima, ukibeba virusi vya chunjua, na pengine vya ukimwi na vya homa ya ini pia. Ngozi zetu nyingi zikichomwa huacha kovu linalovimba. Chunjua kingeondoka, lakini kovu ni la maisha.

Kama kinauma au kinasumbua kazini, ipo dawa ya kupaka yenye asidi ya salisiliki. Uliza kwa duka la dawa lenye mfamasia. Loweka mahali hapo kwa maji ya vuguvugu dakika tano hadi kumi, sugua taratibu ngozi iliyokufa, paka mafuta mazito kuzunguka chunjua, kisha weka dawa juu ya chunjua peke yake. Kila siku, hadi wiki 12. Wengi wanaacha wiki ya pili, halafu wanasema dawa ni mbaya. Pia niseme ukweli, si kila mtu anapona nayo. Jiwe la kusugulia liwe la mgonjwa tu. Dawa hii isipakwe usoni wala sehemu za siri, na mwenye kisukari asiitumie miguuni bila kuonwa na tabibu. Hospitali nyingine hugandisha chunjua kwa baridi kali, lakini ulizeni kwanza kabla ya kulipa nauli.

Nani aende hospitali bila kungoja? Mtu mzima ambaye vyunjua vimemjaa kwa ghafla. Pengine kinga ya mwili imepungua, na kupimwa si aibu. Mwenye doa jeusi chini ya mguu au chini ya ukucha linalokua. Mwenye kidonda kisichopona, hasa ndugu zetu wenye ualbino. Na mwenye vyunjua sehemu za siri, aende pamoja na mwenzake. Hivyo vina aina zake za virusi, na akina mama, aina nyingine za jamii hiyo ndizo huleta saratani ya mlango wa uzazi. Chanjo yake ilijaribiwa kwa wasichana wa shule hapa Kitui kuanzia 2013, ikaenea Kenya nzima Oktoba 2019. Lakini haikusudiwi kuzuia chunjua cha kidole.

Mama mmoja ameuliza kama mwenye chunjua aondolewe kwenye mwethya. La hasha. Afunike kwa plasta au kitambaa safi, afanye kazi kama wengine, na taulo yake iwe yake.