Maelezo ya Uongozi wa Tawi kwa Madereva wa Masafa Marefu



Yafuatayo ni maelezo yaliyosomwa kwenye kikao chetu cha Jumamosi hapa Columbus, Ohio. Tunayatuma huku kwa sababu wengi mliokusudiwa mlikuwa barabarani.

Kwanza uamuzi, asije mtu akasema hakusikia. Mfuko wa Tawi ni wa misiba na maradhi. Kuanzia sasa hautachangia faini ya dereva aliyechukua mzigo bila kupiga hesabu ya njia. Wapo waliosema tumekuwa wakali. Lakini kila tunapochanga kulipia mizani na gari la kuvuta, kuna mjane anaambiwa asubiri, na hilo hatuwezi kulitetea mbele ya wanachama.

Sasa hesabu yenyewe. Chukua safari ya hapa hadi Los Angeles, kwa I-70 kisha I-15. Ni zaidi ya maili 2,200. Sheria ya shirikisho inakupa saa 11 za kuendesha ndani ya saa 14 tangu uanze kazi, halafu mapumziko ya saa 10 mfululizo. Ukifikisha saa 8 za usukani lazima upumzike nusu saa. Kwa wastani wa maili 55 kwa saa, siku nzuri kabisa inakupa kama maili 600. Kwa hiyo dispacha anayekwambia "siku tatu tu, kaka" anakuuzia safari ambayo haipo. Na zile saa 14 hazisimami eti kwa kuwa unasubiri kupakia. Ghala likikuweka saa nne, zimeshakwenda na hakuna wa kumdai. Kabla ya kukubali, uliza saa ya kupakia, na ujue utalala wapi usiku wa kwanza, maana giza likiingia maegesho ya malori yanajaa.

Kisha uzito. Paundi 80,000 kwa gari zima na 34,000 kwa kila jozi ya ekseli, hayo mnayajua kwa moyo. Kinachowaangusha watu ni California. Huko, kwa trela ya futi 53, kutoka pini inayounga trela na kichwa hadi katikati ya ekseli ya mwisho pasizidi futi 40. Ukisogeza ekseli mbele ili utimize kipimo hicho, uzito unahama kutoka kwenye kichwa na kuangukia ekseli za trela. Mzigo uliopita salama mizani ya Ohio unaweza kukutwa umezidi California bila kuongezwa hata boksi moja. Dawa yake ni kuweka ekseli kwenye kipimo cha California siku ile ile ya kupakia, ukapime, wakati wenye ghala bado wapo na wanaweza kupanga upya.

Katikati kuna Colorado. Kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, lori kwenye I-70 kati ya Morrison na Dotsero lazima liwe limebeba minyororo ya matairi, hata kama jua linawaka. Ikitangazwa kuifunga na wewe hukufunga, faini inazidi dola 500. Ukiziba barabara, inazidi 1,000. Fedha ni jambo dogo. Aprili 2019, lori lililoishiwa breki likishuka milima hiyo kuelekea Denver liliua watu wanne pale Lakewood. Dereva, kijana mhamiaji, alihukumiwa miaka 110, na ni Gavana aliyeipunguza hadi 10. Alikuwa ameipita njia ya dharura ya malori. Ndugu zetu, njia ile imejengwa kwa ajili yako. Itumie, trela iharibike.

Anayetaka kuikwepa milima akashika I-44 na I-40 anaruhusiwa, ila Oklahoma atakuta barabara za kulipia, na New Mexico ina kodi yake ya uzito na umbali. Hayo nayo yaingie kwenye bei, hasa kwa wenye magari yao.

Kuhusu Kiingereza: tangu Juni 25, 2025, dereva akishindwa kujieleza kwa Kiingereza kwenye ukaguzi, au kueleza alama za barabarani, anasimamishwa hapo hapo. Mkalimani na simu ya kutafsiri haviruhusiwi kwenye mahojiano hayo. Tuna maoni yetu juu ya kanuni hii, lakini askari wa barabarani hakusimama pale kusikiliza maoni.

Mwisho, dispacha. Kanuni za shirikisho zinakataza kampuni, dalali au mwenye mzigo kumlazimisha dereva avunje sheria kwa kumtishia kazi. Unayo haki ya kulalamika ndani ya siku 90. Lakini sharti uwe umemwambia wazi kwamba hiyo ni kuvunja sheria, kwa hiyo mwandikie ujumbe, usiishie kwenye simu. Usiufute.

Kila Jumapili jioni kutakuwa na mazoezi ya alama na maswali ya ukaguzi, kwa simu, ili walioko njiani nao washiriki wakiwa wameegesha. Kaka na dada wanaotaka kusaidiwa hesabu ya safari wamtumie Katibu mahali pa kupakia, pa kushusha na uzito, kabla ya kuukubali mzigo.

Imetolewa na Katibu wa Uenezi, kwa niaba ya Kamati ya Tawi.