Kutoka Ujirani hadi Urafiki
Hotuba iliyotolewa katika kilele cha sherehe za miaka 100 ya usharika



Leo tumekwisha kusikia habari za majengo, kengele na kwaya. Mimi nimeombwa niseme juu ya jambo lisilopigwa picha, yaani urafiki wetu sisi kwa sisi. Naanza kwa kuungama.

Zamani, nikihudumu katika usharika mmoja wa tambarare hizi, mzee mmoja aliyeketi benchi la tatu kila Jumapili hakuonekana kwa majuma matano. Mimi nilidhani amekwenda kwao. Wazee wa kanisa walidhani mimi ninajua. Aliyempikia uji na kumgeuza kitandani ni jirani yake Mwislamu. Sisi tulifika siku ya mazishi, tena na kwaya tatu. Jirani yule akaniuliza kwa upole, “Mchungaji, kumbe alikuwa na watu wengi hivi?” Swali hilo sijalijibu hata leo.

Historia ya nchi hii yatufundisha kwamba kukaa pamoja si kuwa pamoja. Mashamba ya mkonge ya Korogwe yalikusanya watu kutoka Njombe, Songea, Kigoma, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba, na siku zake 30 za kazi zilihesabiwa katika kipande. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, chombo cha kuwaajiri. Chombo hicho kiliweza kuleta mikono. Hakikuweza kumpa mtu ndugu. Handeni nako, nyumba zilisogezwa pamoja wakati wa vijiji vya ujamaa, na baadaye Operesheni Vijiji ikaenea nchini kote kati ya mwaka 1973 na 1976. Shule na zahanati zilikaribia. Lakini wako waliojifunza kupendana, na wako waliorudi kimyakimya katika mahame yao. Siku hizi tumejijengea kuta, na rambirambi hufika kwa simu kabla ya miguu.

Je, urafiki hujengwaje basi? Bruno Gutmann, mmisionari aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuhudumu miaka mingi Moshi ya Kale, aliona kwamba Wachaga walishikwa na vifungo vitatu: ukoo, ujirani na rika. Akajenga usharika juu ya vifungo hivyo. Vijana wa kipaimara aliwaunganisha katika vikundi vidogo sana, ili kila mmoja awajibike kwa mwenzake hata baada ya mafundisho kwisha. Wako waliomlaumu kwamba aliyatukuza mno mambo ya kabila, na lawama hiyo ina uzito hapa kwetu. Kwani manamba aliacha ukoo wake nyumbani, akapewa majirani asiowachagua, wala hakuwa na rika. Hata hivyo, mambo mawili ya Gutmann yanatufaa: udogo wa kikundi, na ahadi. Mtu hawezi kuwa rafiki wa watu mia nne. Anaweza kuwa rafiki wa wawili.

Wala jambo hili si geni kwa wazee wetu. Mtani alikuwa na ruhusa ya kukuambia ukweli bila wewe kukasirika, na siku ya msiba alikuwa na kazi yake. Ukweli na wajibu: hiyo ndiyo mihimili miwili ya urafiki. Naye Martin Luther, katika Makala za Smalkald za mwaka 1537, aliyataja mazungumzo na faraja ya ndugu kwa ndugu pamoja na mahubiri, Ubatizo na Meza ya Bwana, kuwa njia ambazo Injili hutufikia. Yule aliyepooza katika Marko sura ya pili hakubebwa na umati. Umati ndio uliziba mlango. Alibebwa na watu wanne waliothubutu kutoboa dari.

Kwa hiyo naomba tuanze karne ya pili kwa mambo matatu. Kwanza, vijana wa kipaimara wawekwe watatu watatu, waahidiane mbele ya madhabahu. Pili, kila jumuiya imjue asiyeonekana Jumapili mbili, na mtu amwendee kwa miguu juma hilohilo. Tatu, tunapomtembelea mgonjwa, tubishe hodi pia kwa jirani yake, awe wa dini yetu au sivyo, tumshukuru. Maana huenda ametutangulia.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mungu atujalie kwamba atakaposimama mwingine hapa baada ya miaka mia, asiwe na ungamo kama langu. Amina.