Maumivu ya Kichwa Yatokayo Shingoni

(Maneno yaliyosomwa na mwanachama mmoja wa karakana katika mkutano wa tawi)



Mimi si daktari. Ni fundi wa mabehewa, na elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni tu. Lakini mmeniomba niseme juu ya ugonjwa ulionitesa miaka miwili, nami nitasema kama nilivyouona mwilini mwangu na kama nilivyofundishwa na wenye kujua.

Kazi yangu ni kukagua breki chini ya behewa. Ndani ya shimo mtu husimama kichwa kimelala nyuma, macho juu na mikono juu, saa nzima na zaidi. Jioni nilikuwa nasikia shingo imekaza upande wa kulia. Kisha maumivu yalipanda kisogoni, yakapita nyuma ya sikio, yakakaa nyuma ya jicho. Nilidhani ni malaria. Nikapimwa mara tatu, hakuna. Nilidhani ni macho. Macho yalikuwa mazima. Basi nikawa mtu wa vidonge, viwili asubuhi na viwili usiku, karibu kila siku. Nyapara sikumwambia, maana niliogopa kukosa saa za ziada.

Siku moja nilitaka kuvuka njia ya reli. Shingo ilikataa kugeuka, nami nikavuka bila kutazama upande ule. Behewa lilikuwa likisukumwa. Ukelele wa mwenzangu ndio ulioniokoa. Siku hiyo nilikwenda kwa tabibu.

Tabibu aliniambia nigeuze kichwa kulia na kushoto. Kisha akabonyeza shingo chini kidogo ya fuvu, na palepale maumivu ya jicho yakaamka. Akanieleza hivi. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 au 5 hivi, nacho hubebwa na pingili 7 za shingo. Mishipa ya fahamu itokayo sehemu ya juu ya shingo hukutana na mshipa uletao habari za uso na paji. Kwa hiyo shingo ikilia, ubongo hudhani ni jicho linalolia. Ndugu, ni kama stesheni mbili zilizofungwa kwenye waya mmoja wa simu: kengele inalia, lakini mpokeaji hajui ni stesheni gani inayopiga.

Dalili zake ni hizi. Maumivu huanzia shingoni, na mara nyingi hukaa upande mmoja. Huzidi mtu akigeuza shingo au akikaa namna moja muda mrefu. Tena shingo haigeuki sawasawa. Lakini si kila maumivu ya kichwa hutoka shingoni. Kipandauso pia huweza kukaza shingo, kwa hiyo asiyejua asijipime mwenyewe.

Na vidonge, ndugu zangu? Hapa nilishangaa. Mtu mwenye ugonjwa wa kichwa akimeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa zenyewe huweza kuleta maumivu mengine. Nilikuwa nikinunua ugonjwa kwa mshahara wangu.

Dawa yangu ilikuwa mazoezi. Nilifundishwa kuvuta kidevu nyuma polepole bila kuinamisha kichwa, na kuyatia nguvu mabega. Nilifanya kila siku. Mwaka 2002 wataalamu wa Australia walitoa habari za majaribio kwa wagonjwa 200 wa namna hii. Waliofanya mazoezi, na waliotibiwa shingo kwa mikono ya mtaalamu, walipata nafuu iliyoonekana hata baada ya mwaka mmoja. Mimi mwenyewe sasa naweza kumaliza mwezi bila kidonge.

Lakini mazoezi ya mtu mmoja hayatoshi ikiwa kazi inaendelea kumvunja. Kwa hiyo naleta maombi matatu mbele ya tawi. Kwanza, wafanyao kazi shimoni wabadilishane zamu, mtu asikae kichwa juu siku nzima. Pili, tupatiwe taa nzuri na vipandio vya kimo kinachofaa. Tatu, mtu akisema anaumwa asipunguziwe saa zake kama adhabu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya. Wajumbe wetu wayapeleke maombi haya huko, yaandikwe katika kitabu cha mkutano.

Mwisho, nawaonya. Maumivu ya kichwa yakija ghafula kwa nguvu kubwa, au pamoja na homa na shingo ngumu, au baada ya kugongwa kichwa, au mkono na mguu ukilegea, au ulimi ukiwa mzito, usingoje mazoezi. Nenda hospitali saa ileile.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Mimi nilificha miaka miwili, na kidogo behewa liniumbue. Ewe uliyekaa hapo nyuma ukisugua shingo, usifiche kama mimi. Sema leo.

Umoja ni nguvu.