Haki ya Aliye Chini ya Mto

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, Ijumaa moja baada ya sala alitujia mkulima wa mpunga. Akasema: "Sheikh, banio langu liko juu ya mabanio ya wenzangu. Mpunga nimekwisha kuvuna. Je, ni dhambi nikiyaacha maji yaendelee kuingia mferejini mwangu?" Twakiri kwamba siku ile hatukumjibu. Tulitaka kwanza kujua maji yale yaendako.

Mito ishukayo kutoka milimani huingia bonde la Usangu, wilayani Mbarali, ikakusanyika katika kinamasi cha Ihefu. Kinamasi kile kina mlango mmoja wa kutokea maji, nao ni kizingiti cha mwamba mahali paitwapo Ng'iriama. Maji yakiwa juu ya mwamba, Mto Ruaha Mkuu huendelea na safari yake kupita Hifadhi ya Ruaha hadi bwawa la Mtera, kisha Kidatu, ambako huzungusha mitambo ya umeme. Yakishuka chini ya mwamba, hata kwa shubiri moja, mto hukatika. Na tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi. Viboko husongamana katika vidimbwi vya tope, samaki hufa, na matete yaliyokuwa mabichi mwaka mzima hugeuka makavu.

Watu wamelaumiana sana. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa bondeni pamoja na ng'ombe wao, na wengi walipata dhiki. Hata hivyo mto uliendelea kukauka, kwa sababu mifereji iliendelea kunywa wakati wa kiangazi, hata pale ambapo majarubani hamna mpunga.

Juu ya hayo limekuja joto. Mwaka 2021 jopo la wanasayansi wa Umoja wa Mataifa lilieleza kwamba dunia imekwisha kuongezeka joto kwa takriban nyuzi 1.1 tangu nusu ya pili ya karne ya 19. Kwa kila nyuzi moja, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa kadiri ya asilimia 7. Hewa ya namna hiyo hufyonza maji kutoka udongoni, majanini na vinamasini. Na mvua inyeshapo, hushuka kwa kishindo ikapita mbio. Nacho kinamasi ni kipana, kina chake kifupi: ni kama maji yaliyomiminwa katika sinia, ambayo hukauka upesi kuliko yaliyomo mtungini. Kwa hiyo mfereji ule ule aliouchimba babu, leo wadhuru kuliko zama zake.

Basi jibu tulilipata Madina. Bonde la Mahzur lilipoleta maji, Mtume (S.A.W.) alihukumu kwamba mwenye shamba la juu ayazuie mpaka yafike vifundo vya miguu, kisha amwachie wa chini. Haki ya wa juu ni kutangulia kunywesha, si kumiliki. Na sisi twaona kwamba wa chini si jirani wa shamba la pili peke yake. Ni mvuvi wa Mtera, ni mnyama asiye na ulimi wa kushtaki.

Tulipomweleza mkulima yule, alituangalia kwa upole akasema: "Sheikh, mferejini ndimo wanangu wanamochota maji ya kunywa."

Ndugu zangu, hapo tulinyamaza kwa mara ya pili. Ili ndoo chache zimfikie mama mmoja, mto mzima hugeuzwa upite maili kadhaa juani, na sehemu kubwa yazama au yapaa njiani. Huwezi kumwamuru mtu afunge banio ilhali nyumbani kwake hamna tone. Lakini kisima kimoja cha kijiji chatosha ndoo zile, na mfereji ukafungwa hadi msimu mwingine. Nasi tulizoea kuhimiza sadaka ya kisima kwa ajili ya wenye kiu wanaokizunguka. Hatukupata kufikiri kwamba yaweza pia kuurudishia mto maji yake. Wenye uwezo miongoni mwenu wanaotaka kuwachimbia wazazi wao waliotangulia kisima cha sadaka, na waanze na vijiji vilivyo kando ya mifereji.

Ewe Mola wetu, tunyeshee mvua yenye manufaa, isiyo na maangamizi.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.